Selimundu haikutoka kwa mama peke yake

Najua nimepotea sana. TP ilinishika huko Geita, bumu nalo likachelewa, mnajua wenyewe. Sasa nimerudi kampasi na kuna kitu kimenikaa rohoni.

Kwetu Shinyanga mdogo wangu wa mwisho ana selimundu. Tangu ana miaka miwili ni kulazwa, kuongezewa damu, kulia usiku mifupa inauma. Na miaka yote hiyo bibi mzaa baba anasema ugonjwa umeletwa na ukoo wa mama. Mama hajibu, anaosha vyombo tu.

Mimi ni mtu wa Historia na Jiografia, baiolojia niliiacha Form Four. Lakini nikitafuta cha kuwafundisha madogo kuhusu wakulima na wafugaji wa kwanza, nikaangukia habari za DNA ya mifupa ya kale. Jamani! Mwaka 2017 timu ya Pontus Skoglund ilisoma vinasaba vya mtu wa Luxmanda, kule Babati, aliyeishi miaka 3,100 hivi iliyopita katika jamii ya wafugaji. Asilimia 38 hivi ya asili yake inafanana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Mwaka 2019 Mary Prendergast na wenzake wakasoma watu 41 wa Kenya na Tanzania. Mmoja, wa pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi, miaka 2,000 na ushee iliyopita, alishakuwa na badiliko la jeni linalomwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kuvuruga. Wasukuma wenzangu, mpo?

Kwa selimundu, mifupa haikunisaidia. Joto letu huharibu DNA haraka, kwa hiyo jibu nimelikuta kwenye damu ya walio hai. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa matokeo ya watoto 290 wa Uganda. Kati ya 43 waliobeba selimundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, 113. Yaani jeni moja inakukinga, ila ukipata mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, unaumwa kama mdogo wangu. Na mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walikadiria kwamba badiliko hilo lilitokea mara moja tu, miaka 7,300 hivi iliyopita.

Kwa nini likaenea hivyo? Frank Livingstone (sio yule mmisionari wa Ujiji) aliandika mwaka 1958 kwamba ni kilimo. Watu walifyeka msitu, maji yakatuama juani, mbu wakapata pa kutagia, na watu nao wakawa wanaishi pamoja vijijini. Malaria ikaua watoto, waliobeba jeni moja wakabaki.

Niliposoma hapo nikacheka peke yangu. Shule niliyofundishia ipo jirani na machimbo. Maduara yaliyoachwa yamejaa maji, mvua ikikatika jua linayapiga, jioni mbu wanakuja kama wamealikwa. Kuna wiki nilifundisha madawati.

Nikirudi Dar nilipitia nyumbani. Nikamweleza bibi taratibu: mtoto hawezi kuumwa hivi bila kupokea pande zote mbili. Akanyamaza sana, halafu akauliza, "Kwa hiyo mjukuu wangu, na mimi ninayo?" Nikamwambia, "Wewe bibi, au marehemu babu. Huenda ndiyo iliyowavusha utotoni." Baba akainuka, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Asubuhi bibi alimwita mama wakachambue mchicha pamoja.

Mimi mwenyewe sijapima bado. Na yule binti mnayemjua, wa kwao Bukoba, naye hajapima. Tumekubaliana Alhamisi tunaenda wote, naogopa kuliko UE. Ngoja nikimbilie kantini, wali maharage unaisha.