Waliongoja Cheti: Habari za Kuhesabiwa Raia katika Kongo

Katika parokia zetu za Kamina ziko jamaa zenye mtoto au ndugu aliye katika nchi za mbali: Ubelgiji, Ufaransa, Kanada, au Afrika ya Kusini. Mara kwa mara habari inafika nyumbani: "Nimekwisha kupeleka ombi la uraia; nangoja jibu." Mwaka unapita, na wa pili, na jibu halijafika. Baba anauliza, mama anaomba Misa kwa nia hiyo, na majirani wanashangaa: je, mtu hufanya kazi, hulipa kodi, huzaa watoto mahali fulani, na bado haijulikani kama ni mtu wa pale?

Wengi hufikiri kwamba kungoja kwa namna hiyo ni jambo jipya, ni shida ya waliovuka bahari tu. Sivyo. Babu zetu nao walipeleka maombi, walichunguzwa, wakaambiwa wangoje. Tena hawakuwa katika nchi ya watu wengine. Walikuwa katika Kongo, nchi waliyozaliwa. Habari hiyo imeanza kusahauliwa. Yafaa tuikumbushe, maana ina fundisho kwetu sisi tulio nyumbani kama kwa wale walio mbali.

MJI WA RELI

Kamina ni mji uliokuzwa na reli. Mwaka 1918 reli iliyotoka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama kwenye mto Lualaba. Mwaka 1928 kampani ya B.C.K. ilimaliza njia ya kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, kwenye mto Kasai. Njia hiyo ilipita Kamina. Mwaka 1956 ikamalizika njia nyingine, ya kutoka Kamina kwenda Kabalo, ikaungana na ile iendayo ziwa Tanganyika. Zaidi ya hayo, baada ya vita kuu ya pili Wabelgiji walijenga karibu na mji kituo kikubwa cha askari na cha ndege.

Nchi yenyewe ilikuwa ya Waluba wa Kasongo wa Nyembo. Lakini kazi ya reli ilileta watu wa makabila mengi, na hasa Waluba wa Kasai: makarani, mafundi, walimu, watu wa kutengeneza njia. Walikaa katika kambi za kampani na katika mji wa Weusi, ule ambao sheria ya tarehe 23 Novemba 1931 iliuita mahali pasipo na desturi, yaani pasipo chini ya mfalme wa kabila.

Basi fikirini hali ya watu hao. Mtu aliyetaka kuacha nchi ya mfalme wake kwa muda mrefu ilimpasa kuomba pasi kwa Serikali. Alipofika mjini ilimpasa kuandikishwa. Kama hakuwa na kazi, aliweza kurudishwa kwao. Usiku hakuruhusiwa kupita mitaa ya Wazungu bila barua. Alikuwa Mkongo katika Kongo, na kila hatua yake ilitaka karatasi. Kama mfalme wa kwao alimwona amepotea mjini, na mjini walimwona mgeni, mtu huyo alikuwa wa wapi?

OMBI LA MWAKA 1944

Wakati wa vita, watu waliosoma shule za misioni walikuwa wamekuwa wengi. Waliitwa "waevolue", maana yake watu waliokwisha kuendelea. Mnamo Machi 1944 waevolue wa Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, waliandikia Serikali waraka. Hawakuomba kuondoa utawala wa Wabelgiji. Waliomba jambo dogo zaidi: watu waliosoma wapewe hali yao mbele ya sheria, wasitendewe kama watu wasiojua lolote.

Serikali ilichukua miaka minne kujibu. Mwaka 1948 ilianzisha kadi ya sifa ya raia. Mwombaji ilimpasa kuwa na umri wa miaka 21, kujua kusoma, kuandika na kuhesabu, kuwa na mke mmoja, na kuwa na mwenendo mwema. Aliyeipata alipewa faida chache, mojawapo kwamba hakuchapwa tena kiboko. Tena kadi hiyo iliweza kunyang'anywa, kama mwenyewe alionekana kurudi nyuma.

Baadaye, tarehe 17 Mei 1952, ikatoka sheria ya imatrikulasio. Neno lenyewe halikuwa jipya; lilikuwamo katika sheria za Kongo tangu siku za mfalme Leopold wa Pili. Lakini sasa likawekewa masharti mapya. Aliyeandikwa katika kitabu hicho alitoka chini ya sheria za desturi, akawekwa chini ya sheria za Wazungu katika mambo ya ndoa, urithi na hukumu. Ilimpasa kuonyesha, kwa elimu yake na kwa namna ya kuishi, kwamba amefika katika ustaarabu.

Nani atapima ustaarabu wa mtu, na kwa kipimo gani? Hapo ndipo shida ilipoanza. Mwombaji aliulizwa maswali mengi. Wachunguzi walikwenda nyumbani kwake. Walitazama chumba cha kulala, jiko na choo. Walitaka kujua kama jamaa hula mezani kwa visu na uma, kama baba hula pamoja na mkewe, na kama huzungumza naye. Mwanamke ambaye hakuomba lolote alijikuta anapimwa naye, sufuria zake zikitazamwa na mgeni, na watoto wake wakihesabiwa usafi wao. Kisha wachunguzi waliondoka, na jamaa ile ikangoja.

HESABU YAKE

Waliofika mwisho wa njia hiyo walikuwa wangapi? Kongo ilikuwa na watu kadiri ya milioni 13. Mwaka 1958, miaka kumi baada ya kadi ya sifa kuanzishwa, waliokuwa nayo walikuwa kadiri ya 1,500 tu. Wenye imatrikulasio walikuwa kadiri ya 200. Mmoja wao alikuwa Patrice Lumumba, karani wa posta huko Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, aliyeandikishwa mwaka 1954.

Tutazame vema hesabu hiyo. Mlango uliotangazwa kwa watu wote ulipitwa na watu ambao wangeenea katika kanisa moja la parokia. Na hao walioingia walikuta nini ndani? Walikuta kwamba mshahara wao haukuwa sawa na wa Mzungu mwenye kazi ileile, na kwamba katika maduka na katika gari moshi mara nyingi walisukumwa bado kama zamani. Walikuwa wameacha mlango mmoja nyuma yao, na mlango wa pili haukufunguka wote.

Yatupasa kusema pia habari za mapadre. Shule za misioni ndizo zilizowafundisha waombaji, na mapadre wengi waliwasaidia kwa moyo wote. Lakini wengine waliona kwamba kipimo chenyewe kina kasoro. Katika vikarieti yetu ya Lulua alikuwako Padre Placide Tempels, Mfransisko, aliyefika Kongo mwaka 1933, akafanya utume kati ya Waluba wa Katanga. Mwaka 1944 na 1945 aliandika katika gazeti la Élisabethville na katika kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu. Aliwaonya Wazungu wenzake kwamba kumvika mtu nguo nyingine na kumfundisha lugha nyingine si kumstaarabisha, maana Wabantu wanayo hekima yao ya ndani, na asiyeijua hawezi kuwaongoza. Wakubwa wengine hawakufurahi. Lakini neno lake lilibaki.

UHURU NA BAADAYE

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku ile kadi zote zile zikawa karatasi tupu. Jambo ambalo watu walikuwa wameliomba kwa miaka, wakitazamwa mpaka vyumbani, sasa lilikuwa la kila mtu bila ombi. Tungedhani kwamba kungoja kumekwisha.

Kwa bahati mbaya, swali lile lilihama tu. Mwishoni mwa mwaka 1957 watu wa Élisabethville walipiga kura kuchagua wakubwa wa mitaa. Wengi waliochaguliwa walikuwa wa asili ya Kasai na ya mikoa mingine. Wenyeji wakaona uchungu, na mwaka 1958 kikaanzishwa chama cha Conakat, kilichodai kwamba Katanga iongozwe na Wakatanga wenyewe. Hapo awali Mzungu ndiye aliyeuliza: "Je, wewe umestaarabika?" Sasa ndugu Mweusi aliuliza: "Je, wewe ni wa hapa?" Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, swali hilo likawa la damu. Katika nchi hii ya Haut-Lomami Waluba wengi walikataa kujitenga, na vijiji vingi viliteswa. Mwaka 1961 Waluba kwa makumi ya maelfu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa huko Élisabethville.

Tena mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko. Wengi wao walizaliwa Katanga, na wazazi wao kabla yao. Walikaa stesheni majuma na miezi, wakingoja gari moshi, na watoto na wazee wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Reli ileile iliyowaleta babu zao kufanya kazi ilipitisha watoto wao hapa Kamina kuwapeleka Mwene-Ditu na kwingine ambako baadhi yao hawajapata kukuona. Hao hawakukosa karatasi. Walikuwa raia wa nchi hii kwa sheria yote. Walichokosa ni kukubaliwa na jirani.

Na kule Kivu yalitokea mengine. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaubatilisha uraia huo, ikataka kila mtu aonyeshe kwamba wazee wake walikuwa katika Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Nani kati yetu ana cheti cha babu yake cha mwaka 1885? Mwishowe sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ikachukua siku ya uhuru, mwaka 1960, kuwa kipimo. Basi watu walilala raia, wakaamka wageni, wakarudi kuwa raia, na wao wenyewe hawakuondoka shambani mwao. Katika miaka hiyo ya mashaka vita vilipata kuni nyingi za kuwasha.

FUNDISHO KWETU

Je, tuseme basi kwamba karatasi haina maana? Hapana. Mtume Paulo mwenyewe, alipofungwa ili apigwe mijeledi Yerusalemu, alijitaja kuwa raia wa Roma, na askari wakaogopa. Mkuu wao alikuwa amenunua uraia wake kwa fedha nyingi. Paulo alizaliwa nao. Mtakatifu huyo hakudharau haki yake mbele ya sheria, nasi tusiidharau. Papa Yohane wa 23, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, alifundisha kwamba mtu anayo haki ya kuhamia nchi nyingine kwa sababu za haki, na kwamba kuwa raia wa taifa moja hakumwondoi katika jamaa moja ya wanadamu wote.

Kwa hiyo twaona mambo mawili ya kufanya. La kwanza, wazazi wasichelewe kuandikisha watoto wao katika ofisi ya Serikali. Sheria yatoa siku 90 tangu mtoto azaliwe, bila malipo. Wengi hudhani kwamba cheti cha ubatizo chatosha. Hakitoshi. Padre huandika jina la mtoto katika kitabu cha Kanisa; Serikali nayo ina kitabu chake, na asiyeandikwa humo leo ndiye atakayengoja kesho.

La pili ni gumu zaidi. Wazee wetu wamesema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa reli walipofika hapa, walileta ufundi, shule na mikono ya kazi, na mji huu ulipona kwa ajili yao. Hata leo wako wanaofika kutoka sehemu nyingine za Kongo na kutoka nje yake. Tusiwaulize kwanza babu yao alizikwa wapi. Katika kumbukumbu ya ndugu zetu walio mbali tunaomba Mungu awape hakimu mwenye haki na jirani mwenye moyo. Basi jirani huyo tunayemwomba kwa ajili yao, tuwe sisi kwa yule anayekaa karibu nasi, akiwa na cheti au bado anakingoja.