Slayer baada ya Hanneman: kiti kilipata mtu, kalamu ikabaki

Jeff Hanneman alipofariki dunia tarehe 2 Mei 2013, akiwa na umri wa miaka 49, wenzake wa Slayer walikuwa wamekwishazoea kupanda jukwaani bila yeye. Tangu mwaka 2011, pale maradhi ya bakteria wanaokula nyama ya mwili yalipomharibu mkono, gitaa lake lilishikwa na Gary Holt wa bendi ya Exodus, na watazamaji wakasikia nyimbo zilezile kwa kasi ileile. Kilichomuua hatimaye ni ini lililoharibiwa na pombe. Albamu ya Repentless ilipotoka Septemba 2015, ilikuwa rahisi kudhani kwamba swali la kama bendi hii ya hevi metali ingeweza kuishi bila mwasisi wake lilikuwa limeshajibiwa majukwaani. Kwa maoni yangu, jukwaa lilijibu swali jingine kabisa. Kupiga nyimbo za marehemu ni kazi ya vidole, na vidole vya Holt havikuwa na kasoro. Kutunga kwa niaba yake ni jambo ambalo Slayer hawakumkabidhi yeyote.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mtu akumbuke bendi ilivyogawana kazi. Slayer ilianzishwa mwaka 1981 huko California na watu wanne: Hanneman na Kerry King kwenye magitaa, Tom Araya kwenye besi na uimbaji, Dave Lombardo kwenye dramu. Hanneman ndiye aliyekuwa mpenzi mkubwa wa punk ya kasi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyoisukuma bendi kutoka kwenye hevi metali ya kawaida hadi Reign in Blood ya mwaka 1986, albamu isiyofika hata nusu saa. Wimbo unaoifungua, Angel of Death, ni wake, muziki na maneno. Raining Blood, unaoifunga, muziki wake pia ni wa Hanneman. King alitunga kwa nguvu na kwa hasira iliyonyooka. Hanneman alikuwa na sikio la kutisha taratibu, kama inavyosikika katika South of Heaven, ambako bendi ilipunguza mwendo na bado ikaogofya. Bendi iliishi kwa mvutano wa watunzi hao wawili.

Katika Repentless mvutano huo haupo. Kati ya vipande 12, kimoja tu, Piano Wire, ndicho chenye muziki wa Hanneman, nacho kilikuwa kimebaki kutoka kwenye kazi ya albamu ya 2009, World Painted Blood. Muziki wa vingine vyote ni wa King. Holt, ambaye kwa miongo mitatu alikuwa mtunzi mkuu wa Exodus, alipewa solo lakini hakupewa nafasi ya kutunga, na hilo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote: mtunzi hodari amekaa studioni, na kalamu haijampitia. Mengine nayo yalikuwa yamebadilika. Lombardo alikuwa ameondolewa mwaka 2013 kwa mgogoro wa malipo na Paul Bostaph akarudi kwenye dramu. Terry Date akawa mtayarishaji, na lebo ikawa Nuclear Blast badala ya ile ya Rick Rubin. Hata hivyo mabadiliko ya dramu bendi ilikuwa imeyapitia na kuyamudu tangu miaka ya tisini. Ya utunzi ndiyo yaliyokuwa mapya.

Watetezi wa albamu hii wana hoja, na si za kupuuzwa. Wanasema ilishika nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard, ya juu kuliko albamu yoyote ya Slayer. Ni kweli, ila Reign in Blood iliishia nafasi ya 94, na sijamsikia mtu anayedai kwamba ni kazi dhaifu kuliko Repentless. Chati ya 2015, mauzo yakiwa yameshaporomoka, ilipima uaminifu wa mashabiki zaidi ya utunzi. Hoja yao ya pili ina uzito zaidi: King alikwisha kuibeba sehemu kubwa ya God Hates Us All mwaka 2001, na katika Repentless yenyewe When the Stillness Comes unatambaa kwa ubaridi ambao mtu angeweza kumdhania Hanneman. Nakubali. Lakini wimbo mmoja wa namna hiyo unathibitisha tu kwamba King aliijua lugha ya mwenzake; hauthibitishi kwamba palikuwa na mtu wa kumpinga pale alipojirudia, na nusu ya pili ya albamu inajirudia sana.

Ushahidi mwingine ulikuja baadaye. Slayer walifanya onyesho la kuaga Novemba 2019 bila kutoa albamu nyingine. Mei 2024 King alitoa From Hell I Rise kwa jina lake mwenyewe, Bostaph akiwa kwenye dramu, na anayeisikiliza mara baada ya Repentless atapata tabu kusema mpaka uko wapi. Septemba mwaka huohuo Slayer walirudi jukwaani, Holt akiwa mahali pake, wakapiga nyimbo za zamani.