Kiti cha Enzi na Mti Uliokizaa

Kiti cha marehemu bibi kilikaa stoo miaka mingi, mguu mmoja umelegea na uzi wa mgongoni umeoza. Mwaka jana nilikitoa uani, nikakilaza juu ya mkeka na kuanza kukifungua. Koleo sikuihitaji. Nilisukuma vigingi vya mti kimoja kimoja, mgongo ukachomoka wima kutoka kwenye matundu yake, na kabla ya adhuhuri nilikuwa na fungu la vipande vyeusi ambalo mtu angelifunga kamba akalipakia jahazini. Msumari haukuwemo hata mmoja.

Hiki ndicho kiti cha enzi cha Waswahili wa Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na Unguja: mgongo mrefu uliosimama, mikono mipana, mahali pa kukanyagia miguu kwa mbele, na uzi uliosukwa ukajaza kikalio na mgongo. Katika karne ya 19 kilipamba nyumba za watawala na matajiri. Kilitolewa kwa ajili ya mgeni wa heshima, na siku ya harusi bibi harusi aliketishwa juu yake. Mtu wa kawaida alikaa mkekani, kwenye baraza au juu ya kitanda cha kamba, na hakuona amepungukiwa.

Kuketi juu kuliko wenzako ni jambo la utawala tangu zamani katika pwani hii. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, watu wake waliandika kwamba mfalme alikuja kuwalaki akiwa ameketi juu ya viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa hariri nyekundu. Lugha yetu nayo ina wazo hilo hadi leo: anayeongoza kikao ni mwenyekiti, hata kama kikao chenyewe kiko chini ya mwembe.

Umbo la kiti hiki limetoka wapi? Wataalamu wamevutana. Wapo waliotazama Misri ya Wamamluki, wapo waliotazama Ureno na Hispania, na wapo waliotazama India. James de Vere Allen, aliyeisimamia Makumbusho ya Lamu, aliandika makala nzima kuhusu viti vya Waswahili katika jarida la African Arts mwaka 1989. Mimi nilipokifungua cha bibi nilipata jibu jingine, ambalo si la kuwapinga: mfano unaweza kuja na jahazi, lakini mti ulikuwa hapa, na mti una amri yake.

Mti huo ni mpingo. Hukua polepole sana, shina lake hupinda na kugawanyika, na mara nyingi lina uwazi ndani. Kiini cheusi anachokitaka fundi kimezungukwa na ngozi nyeupe isiyofaa kazi hii. Ubao mpana hautoki humo. Hutoka vijiti vifupi, vyembamba, vizito hata vikitiwa majini huzama. Sasa tazama kiti: fremu ya vipande vyembamba vilivyounganishwa ulimi kwa tundu, na palipotakiwa ubao pamewambwa uzi. Naamini kabisa kwamba fundi aliyekaa uani kwake na rundo la mpingo asingeweza kufika mbali na umbo hili.

Zana zake zilienea kapuni: tezo, msumeno, patasi, juba la kuchimbia matundu, na keekee inayozungushwa kwa uta. Mpingo huumaliza upesi ukali wa chuma, kwa hiyo tupa na jiwe la kunolea havikukaa mbali. Kulainisha alitumia majani ya msasa, mti wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Karatasi ya dukani ilirithi jina la mti huo. Mwisho ilikuja njumu, vipande vya pembe ya ndovu au mfupa vilivyochongewa nafasi ndani ya weusi, vikang'aa.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa mafundi wa mbao na wa ngozi. Lakini katika karne hiyohiyo ya 19 majahazi yalishusha samani za India, pamoja na vitanda vya samadari vyenye nakshi na vioo, na macho ya matajiri yakageuka. Pembe nayo ilipata mwisho wake: Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe za ndovu hadharani, na biashara ya kimataifa ikapigwa marufuku. Mafundi walioendelea na njumu wanatumia mfupa wa ng'ombe au ngamia, na haupungui uzuri ukisuguliwa vyema. Mpingo wenyewe, tangu Januari 2017, biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Kwa mguu wa kiti cha bibi sikununua gogo. Nilikata ncha iliyooza, nikaunga kipande kilichobaki kwa jirani anayechonga vinyago. Kuchimba tundu moja kulinichukua siku mbili.

Kazi iliyobaki ilikuwa uzi. Kwenye fremu ya kikalio kuna matundu madogo yaliyotobolewa kwa keekee, na kabla ya kuwamba niliyahesabu: upande wa kulia 41, wa kushoto 40. Nilihesabu mara tatu. Nikatafuta mabaki ya uzi wa zamani, nikaona alivyofanya fundi wa kwanza: nyuzi mbili za mwisho amezipitisha tundu moja, ili mistari isipinde. Nilitwaa uzi mpya wa pamba, nami nikazipitisha mbili hapohapo.