Mwaka ambao menyu ilihama: Linux na watumiaji wake

Ukikutana na mtu aliyetumia Linux kabla ya 2011, mtajie GNOME 2 uone atakavyotabasamu. Ilitoka 2002, na wengi wanaikumbuka hivi: upau juu, upau chini, menyu kwenye kona ya kushoto. Haikuwa na madoido, lakini mkono uliizoea.

Ikaja Aprili 2011. GNOME 3 ikatoka, na menyu ile haipo. Ukitaka programu, unafungua ukurasa wa Shughuli kisha unaandika jina lake. Hata kitufe cha kushusha dirisha kiliondolewa. Mwezi huohuo Ubuntu 11.04 ikaleta sura yake yenyewe, Unity, yenye safu ya aikoni upande wa kushoto. Yaani ndani ya mwezi mmoja, mazoea ya miaka tisa yakatikiswa mara mbili.

Wabunifu walikuwa na sababu. Unity ilianzia kwenye kompyuta ndogo zenye kioo kifinyu, ambako kila sentimita ina kazi. GNOME nao walitaka mtu afanye kazi yake bila vitu vingi kumvuruga macho.

Sasa kwa nini watu walikasirika hivyo? Tendo likirudiwa mara nyingi huwa mazoea: mkono unakwenda wenyewe, akili inabaki kwenye kazi. Mgeni hutafuta kila kitufe kwa macho, kwa hiyo ukikihamisha hapotezi kitu. Mzoefu anarudishwa darasa la kwanza, tena mkono wake bado unakimbilia kona ya zamani. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, alilalamika hadharani akahamia Xfce, ingawa baadaye alirudi GNOME.

Na hasara haikuishia kwa wazoefu. Mgeni wa Linux mara nyingi hufundishwa na rafiki au mwongozo. Mwongozo ukisema "bofya menyu ya juu kushoto" na menyu haipo, mgeni naye amekwama.

Hapa ndipo programu huria zilipoonyesha tofauti. Microsoft ilipoondoa kitufe cha Start kwenye Windows 8 mwaka 2012, watumiaji walibaki kulalamika na kusubiri. Kwenye Linux, msimbo wa GNOME 2 ulikuwa wazi kwa wote. Mtumiaji mmoja wa Argentina akauchukua na kuuendeleza kwa jina la MATE, kinywaji maarufu cha kwao. Linux Mint nao wakatengeneza Cinnamon, yenye menyu ya kizamani juu ya teknolojia mpya.

Lakini uhuru huo una gharama. Nguvu za watu wachache ziligawanyika, na mgeni akakuta sura nyingi za kuchagua kabla hajajua hata moja.

Kisha Aprili 2017, Mark Shuttleworth akatangaza kwamba Ubuntu inaiacha Unity na kurudi GNOME. Unadhani nani waliumia? Wale walioanza na Unity! Wageni wa 2011 walikuwa wameshakuwa wazoefu, na sasa ilikuwa zamu yao kutafuta vitufe.

Kwa hiyo, anayebuni kwa ajili ya mgeni akumbuke kuwa ugeni ni wa muda mfupi. Mazoea ndiyo hukaa miaka. Mlango mpya ufunguliwe, sawa, ila ule wa zamani usifungwe usiku mmoja.