Schutztruppe: Ulinzi wa nani?

Neno la Kijerumani Schutztruppe hufasiriwa 'jeshi la ulinzi'. Hebu tujiulize: lilimlinda nani?

Paul von Lettow-Vorbeck alipotua Dar es Salaam Januari 1914, alikuta askari Waafrika wapatao 2,500 wa kulinda koloni lililoizidi Ujerumani yenyewe kwa ukubwa. Msaada wa Ulaya usingefika, maana Uingereza ilitawala bahari. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingizwe vitani, akiegemea Mkataba wa Berlin wa 1885. Lettow-Vorbeck alikuwa na hesabu yake: koloni halikuweza kuokolewa, ila lingeweza kuwashughulisha Waingereza wasipeleke majeshi Ulaya. Ndiyo maana Agosti 1914 vikosi vyake viliteka Taveta, kuitishia Reli ya Uganda.

Kijeshi, hesabu haikwenda kombo. Alisalimu amri Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Lakini watu wa koloni hawakuwemo katika hesabu hiyo. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu. Vyakula vya wanavijiji vikatwaliwa, njaa ikafuata. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina Carrier Corps katika matamshi yetu.

Basi, mimi naona 'jeshi la koloni' ni tafsiri ya haki zaidi. Anayelindwa hageuzwi kuni za kumpikia mlinzi.