Atiman, mtumwa aliyekuwa mtumishi

Lugha yetu ina maneno matatu yaliyo kama watoto wa mama mmoja: mtumwa, mtume na mtumishi. Yote yanatoka katika neno kutuma. Mtumwa hutumwa kwa nguvu, kwa sababu ameshikwa. Mtume hutumwa na Bwana Yezu, naye hukubali. Mtumishi hutumika kila siku, hata pale ambapo hakuna anayemtazama. Katika historia ya Eklezia kwenye Ziwa Tanganika yuko mtu aliyeyapitia maneno hayo matatu katika maisha yake mwenyewe. Jina lake ni Adrien Atiman.

Njia ya utumwa

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866, karibu na mji wa Timbuktu, penye mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alikuwa bado mtoto mdogo wezi wa watu walipomkamata. Wakamvusha jangwa la Sahara, wakamwuza kama mtu anavyouza mbuzi. Ng'ambo ya jangwa, katika nchi ya Algeria, Mapadri Weupe wakamkomboa kwa fedha. Shirika lao lilikuwa bado changa. Askofu Lavigerie wa Algiers alikuwa amelianzisha mwaka 1868.

Mtoto aliyepatanwa bei sokoni amefundishwa neno baya sana: ya kuwa thamani ya mtu ni ile fedha ambayo mwingine anakubali kuitoa. Mtu aliyepita katika shule hiyo aweza kuharibika kwa njia mbili. Pengine ataendelea kujidharau maisha yake yote. Pengine atatafuta mtu aliye chini yake, ili naye apate kumwamuru. Tutaona kwamba Atiman hakushika hata moja ya njia hizo.

Shule ya Malta

Mapadri waliotumwa kwenye maziwa makubwa walikuwa wakifa upesi kwa homa. Basi Lavigerie alifanya shauri. Alitaka vijana Waafrika wasomee uganga, kisha waende kukaa kati ya watu: waoe huko, waishi kama wenyeji, watibu wagonjwa na kufundisha dini. Aliwataka wawe waganga na walimu wa dini pamoja. Mwaka 1881 alifungua nyumba yao katika kisiwa cha Malta, wakasoma uganga kwenye chuo kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1888, wakati Lavigerie, aliyekuwa sasa Kardinali, alipokuwa akizunguka Ulaya kuhubiri juu ya ubaya wa biashara ya watumwa, Atiman alipanda meli kwenda Zanzibar. Kutoka pwani alifuata msafara kwa miguu, akafika Karema mwaka 1889. Katika njia za namna hiyo watumwa wengi walikuwa wameshuka kwenda pwani wakiwa wamefungwa shingo. Yeye alipanda kwenda bara, tena hakufungwa kamba.

Karema iko upande wa mashariki wa ziwa, katika Tanzania ya leo. Ngome yake ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Mwaka 1885 walitoa mikononi mwa mapadri ngome hiyo pamoja na ile ya Mpala, iliyo upande wetu wa Kongo. Kwa hiyo misioni hizo mbili ni ndugu. Kwetu Mpala alifika mwaka 1887 Kapiteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, akawalinda watu kwa bunduki juu ya wakamataji wa watumwa. Alikaa katika nchi yetu hata kufa, mwaka 1927. Habari za Joubert husimuliwa sana, maana mlio wa bunduki husikika mbali. Lakini mganga anayesafisha kidonda hana mlio.

Miaka 67 mahali pamoja

Huko Karema Atiman alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa nchi ile. Mtoto wao Joseph alipata upadri. Atiman alitibu homa, alifunga vidonda, alipasua wagonjwa, alifundisha katekisimu. Wadachi walitawala nchi, wakaondoka; Waingereza wakaja. Vita viwili vikubwa vilipita. Mapadri vijana walifika, wakazeeka au wakahamishwa. Yeye alikuwa yuko palepale, penye wagonjwa wake, mpaka alipokufa mwaka 1956, mwenye umri wa miaka 90 hivi.

Labda mmoja atauliza: Je, alikuwa na hiari? Alikombolewa akiwa mtoto, akapelekwa shule kwa shauri la wengine, akawekwa chini ya wakubwa waliotoka ng'ambo. Swali hilo ni la haki, tusilifunike. Wakati ule haikuwa desturi kumpa Mwafrika neno la mwisho katika misioni. Lakini tukumbuke pia kwamba si wote waliosoma Malta waliodumu katika kazi hiyo. Mtu anayeshurutishwa huhesabu siku zake akingoja kutoroka. Atiman alikuwa na ujuzi ambao ungaliweza kumfungulia milango mingine, naye akabaki. Wengine walichagua mwanzo wa njia yake. Kudumu kwake alikuchagua mwenyewe.

Hapo tunaona unyenyekevu ni kitu gani. Si kusema: "Mimi si kitu." Mganga asemaye hajui kitu, wagonjwa watamkimbia. Atiman alijua kazi yake, wala hakuficha ujuzi wake. Aliuweka tu mahali palipo na wagonjwa. Bwana wetu alipowaosha mitume miguu hakusahau kwamba yeye ni Bwana. Alijua ametoka kwa Baba na anarudi kwa Baba, kwa hiyo hakuogopa kupiga magoti. Anayejua thamani yake mbele ya Mungu hapungukiwi kitu akiinama. Wazee walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini tutofautishe vizuri: mtumwa huinamishwa, mtumishi huinama mwenyewe.

Neno hili linatuhusu

Sisi walimu wa dini, tuanze na sisi wenyewe. Yuko mwalimu anayenuna juma zima kwa sababu jina lake halikutajwa siku ya sikukuu. Yuko anayekataa kwenda katika kijiji cha mbali kwa kuwa mwenzake amewekwa mjini. Yuko mwuguzi anayemwacha mama mwenye mtoto wa homa angoje mlangoni, mpaka mkono wa mama utoe kitu. Yuko mkubwa wa chama anayegombea kiti cha mbele ndani ya nyumba ya yule aliyechagua kuosha miguu.

Lakini liko kosa lingine, tena baya zaidi. Ni kuwahubiria wengine unyenyekevu ili tupate kuwakalia. Bwana asiyemlipa mfanyakazi wake, kisha anamwambia avumilie kama Mkristu mwema. Mume anayemwamuru mke kama kijakazi na kuliita jambo hilo utii: hao hawafundishi unyenyekevu. Wamerudi katika njia ileile aliyopitishwa mtoto Atiman jangwani. Unyenyekevu ni zawadi ambayo mtu huitoa mwenyewe. Anayeunyang'anya kwa nguvu ni mwizi wa watu.

Basi, ndugu, usiku kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize maswali mawili mbele ya Mungu: Leo nimemwinamisha nani? Na ni nani aliyenihitaji, nami nikakataa kuinama?