Picha za Kale za Mikindani na Mlango wa Ruvuma

Picha ya kale ya Mikindani huanza kusomwa kilimani. Likionekana boma jeupe juu ya mji, basi haikupigwa kabla ya 1895, mwaka Wajerumani walipolijenga. Jicho likitoka hapo hushukia bendera, kisha mapaa, maana bati lilikuja kuchukua nafasi ya makuti nyumba moja baada ya nyingine. Ngalawa na mashua za ufukweni hazisaidii sana kukadiria mwaka, kwa kuwa umbo lake halikubadilika kwa miongo mingi. Mibuyu nayo ni ileile, babu kwa mjukuu, ila kwa mibuyu hiyo mtu hutambua mpiga picha alisimama upande gani wa ghuba.

Kabla ya boma, kamera ilikuwa mgeni wa nadra pwani hii. David Livingstone aliuingia mto Ruvuma kwa meli Pioneer mwaka 1861, akaurudia 1862 pamoja na daktari John Kirk, aliyekuwa mjuzi wa upigaji picha. Lakini enzi hizo kioo kilipakwa dawa, kikatumika kikiwa bado kibichi, kikasafishwa hapohapo ndani ya hema lenye giza. Kwenye mto wenye mafungu ya mchanga na joto la pwani, kazi hiyo ilikuwa adha tupu. Livingstone alirudi Machi 1866 na ngamia, nyati, punda na nyumbu. Mikoko ya mlango wa Ruvuma ikamnyima pa kuwashusha, akageukia ghuba ya Mikindani na kutia nanga tarehe 24. Msafara huo haukuwa na mpiga picha, hivyo yaonekanayo vitabuni ni michoro. Hata kibao kilichobandikwa kwenye nyumba moja mjini Mikindani kinasema tu kwamba inasadikiwa alikaa hapo, na uangalifu huo wapaswa kusifiwa.

Mambo yalibadilika Richard Maddox wa Uingereza alipobuni kioo kikavu mwaka 1871. Vioo vilianza kuuzwa vikiwa tayari kutumika, na kamera ikaingia katika mizigo ya maofisa, wamisionari na wataalamu. Wenye studio, kama Gomes wa Unguja, na Vincenti na Walther Dobbertin waliofanya kazi Tanganyika wakati wa Wajerumani, walikuwa mbali na Mtwara. Kusini kulipigwa picha zaidi na wapita njia, na kila mpita njia alipiga kile kilichomleta.

Aliyeacha hazina kubwa kuliko wote ni Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig. Mwaka 1906 alikusudia kwenda bara upande wa kaskazini, machafuko ya huko yakamgeuza, akateremka Lindi wakati majivu ya vita vya Maji Maji hayajapoa. Wapagazi wake, waliokuwa wakimwita Bwana Pufesa, walibeba kamera ya vioo, kamera ya filamu na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Alipita Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, akapanda Newala na Mahuta kwenye uwanda wa juu wa Makonde, akafika hadi Ruvuma.

Picha zake za wanawake zinastahili kutazamwa polepole. Ndonya, kipande cha mviringo kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu, imeusukuma mdomo mbele kiasi kwamba ukitazama kwa ubavu pua inaonekana fupi. Mwilini zimo nembo, zile chale za mistari ambazo Wamakonde walizijua kwa majina na mafundi wake. Maelezo yaliyowekwa chini yanataja kabila, pengine na mahali. Jina la mwanamke halipo. Mkuu kama Matola alitajwa kwa jina, lakini mama aliyesimama juani akisubiri kioo kibadilishwe alihesabiwa kuwa mfano wa kabila. Tena Weule alisafiri na askari wenye bunduki, katika nchi iliyotoka kupigwa vita na serikali hiyohiyo ya Wajerumani. Sura ngumu inayoonekana katika picha nyingi za wakati huo isichukuliwe haraka kuwa ndiyo tabia ya watu.

Kwa haki yake, Weule aliwapa wenyeji na wapagazi penseli na karatasi wachore walivyopenda, na michoro hiyo akaichapa kitabuni mwaka 1908. Mfasiri wa kitabu hicho kwa Kiingereza, mwaka uliofuata, alikuwa Alice Werner, ambaye baadaye akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu London.

Vita Vikuu vya Kwanza vilileta kamera za majeshi. Ng'ambo ya mlango wa Ruvuma ipo Kionga, pembe ndogo ya ardhi ambayo Wajerumani waliitwaa mwaka 1894 ili waushike mdomo wote wa mto. Wareno waliichukua Aprili 1916, na mkataba wa Versailles ukawaachia. Septemba mwaka huohuo Waingereza walishuka Mikindani kwa njia ya bahari. Picha ya boma yenye bendera ya Uingereza haiwezi basi kutangulia mwezi huo.

Mtwara yenyewe, iliyokuwa kijiji cha wavuvi, inaingia kwenye picha kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa kufyeka ekari milioni 3.25 ili ipate mafuta ya kula, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyochaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Ghuba ya Mtwara ina kina, kwa hiyo bandari ikapangwa hapo na reli ya kwenda Nachingwea. Wapiga picha wa serikali walipenda mashine: tingatinga, winchi, nguzo za gati zikisimamishwa. Mfanyakazi Mwafrika yumo pembeni, mara nyingi amegeuza mgongo. Mradi ulivunjwa 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36, na gati la mita 385 lilipokamilika, karanga iliyolengwa haikuwepo. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Korosho, ambayo hakuna aliyehangaika kuipiga picha wakati huo, ndiyo iliyokuja kuilisha bandari.

Picha hizi nyingi ziko mbali na Mtwara. Za Weule zimehifadhiwa Leipzig, na silinda zake za nta ziko Berlin katika hifadhi ya sauti iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina takriban picha 55,000 za makoloni ya Kijerumani. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliweka kwenye intaneti mwaka 2011 maelfu ya picha za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika, na mwenye simu aliyeko Mikindani anaweza kuzifungua bila malipo.